Farasi Aliyepinduka Utosini: Upande wa Juu wa Picha ya Anga ni Upi?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka katika miji mitatu, nazo zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu akishapiga picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la angani, au ya galaksi, aiweke vipi kwenye ukurasa? Barua ya Bukavu ndiyo yenye mambo mengi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine. Ya Lubumbashi inatushtaki sisi wenyewe, na mashtaka yake ni ya haki.

*Jambo Papa mwandishi. Mimi ni mwanafunzi hapa Bukavu. Katikati ya Januari, usiku mmoja ambao mvua ilituhurumia, nilitoka uani na darubini ndogo ya kisasa niliyoazimwa na mjomba wangu, ile inayotafuta nyota yenyewe na kupiga picha yenyewe. Niliielekeza kwenye Nebula ya Kichwa cha Farasi. Saa mbili usiku nilipata picha nzuri ya farasi aliyesimama. Karibu na saa nne darubini ilizunguka ghafla nusu duara, ikampoteza. Nilianza upya, na saa sita usiku nikapata picha nyingine ambamo farasi yuleyule ananing'inia kichwa chini. Sikugusa chochote. Kaka yangu anasema darubini imeharibika. Vitabuni namwona mara amesimama, mara amelala ubavu. Ipi ndiyo picha sahihi?*
*Msomaji, Ibanda, Bukavu*

Mwanangu, mwambie kaka yako kwamba darubini ya mjomba ni nzima, na kwamba kilichokushangaza ni jambo ambalo watu wengi wanaopiga picha za anga hawatalishuhudia maisha yao yote, kwa sababu hawaishi Bukavu. Nebula ya Kichwa cha Farasi iko digrii 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta ya anga, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita angani juu ya ikweta ya dunia, na mji wenu uko takriban digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta ya dunia. Namba hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba, kila inapovuka anga yenu, nebula hiyo hupita utosini kabisa, kama jua la adhuhuri lisiloacha kivuli, na umbali kati ya njia yake na kilele cha anga ni mdogo kuliko upana wa mwezi mpevu. Katikati ya Januari hufika hapo karibu na saa nne usiku, ndiyo saa ileile darubini yako ilipozunguka.

Ukisimama Bukavu ukitazama mashariki, kaskazini iko mkono wako wa kushoto na kusini iko mkono wa kulia. Nyota za ukanda wa Orioni, kundi la nyota ambamo farasi wako yumo na ambalo mabaharia wa pwani waliliita Jabari, huchomoza na kupanda karibu wima, zikifuatana kama watu wanaopanda ngazi: iliyotangulia iko juu, inayofuata iko chini yake. Katika ramani za nyota iliyotangulia huitwa ya magharibi, na inayofuata huitwa ya mashariki. Kwa hiyo fremu yako ya saa mbili, nebula ikiwa kwenye kimo cha digrii 60 hivi upande wa mashariki, ilikuwa na kaskazini kushoto, kusini kulia, magharibi juu na mashariki chini. Farasi naye shingo yake inatokea kwenye wingu jeusi lililo upande wa mashariki, na kichwa chake kinachomoza kuelekea magharibi mbele ya gesi nyekundu. Magharibi ilipokuwa juu, kichwa kikawa juu.

Baada ya saa nne ulikuwa unamtazama upande wa magharibi. Sasa kaskazini iko mkono wako wa kulia, nyota zilizotangulia ndizo zinazotangulia pia kushuka, na farasi, ambaye kichwa chake ndicho kilichotangulia, anashuka kichwa mbele kama mtu anayepiga mbizi ziwani. Kitako cha darubini yako huzunguka kwa ubapa kama kiti cha kinyozi, kisha bomba lake huinuka na kushuka, basi. Nalo huhesabu kwamba upande wa juu wa picha ni upande wa kilele cha anga, popote linapotazama. Kitu kinapopita utosini hasa, kiti hicho cha kinyozi kinalazimika kugeuka nusu duara kwa muda mfupi sana ili kuendelea kukifuata, na mashine nyingi hushindwa. Hapo ndipo ulipompoteza. Zaidi ya hapo, picha zako mbili hazitofautiani hata kidogo. Igeuze moja digrii 180, uiweke juu ya nyingine, na kila nyota itakaa mahali pake. Ukizijumlisha kwa programu ya bure kama Siril au DeepSkyStacker, programu yenyewe itatambua mzunguko huo kwa kufuata nyota, na utapata picha moja yenye muda wa saa zote mbili.

Yule farasi aliyelala ubavu vitabuni ana asili yake. Wanaastronomia wana ada ya kuchapa picha ya anga kaskazini ikiwa juu na mashariki ikiwa kushoto. Mtu aliyezoea ramani za dunia huona ajabu, kwa kuwa katika ramani ya Kongo mashariki iko kulia. Lakini ramani ya nchi huitazama ardhi kutoka juu, ilhali anga tunaitazama kutoka chini, tukiwa ndani yake. Nikiwafundisha vijana wa Goma huwapeleka ufukweni, niwasimamishe wakitazama ziwa. Wanatazama kusini. Mgongoni mwao kuna Nyiragongo, yaani kaskazini. Mkono wa kushoto kuna Gisenyi, yaani mashariki. Mkono wa kulia kuna barabara ya Sake, yaani magharibi. Kisha nawaambia wainue macho taratibu kutoka ziwani kuelekea utosini bila kugeuza miguu. Kadiri macho yanavyopanda ndivyo yanavyoelekea kaskazini, na Gisenyi inabaki kushoto. Hiyo ndiyo picha ya anga ya kawaida. Mtu wa Paris au Boston, anayemwona Orioni kusini wakati wa baridi, humwona hivyo bila kujitahidi, na katika mkao huo Kichwa cha Farasi kimelala ubavu, masikio yakielekea kulia pamoja na magharibi.

Ndiyo kusema kwamba ada hiyo ilizaliwa kwa watu wanaoishi mbali na ikweta, ambao karibu kila kitu kizuri wanakiona wakiwa wameupa uso upande mmoja. Sisi tunaoishi hapa tuna anga isiyo na upande wa juu ulio dhahiri. Hata mwezi mwandamo wetu hulala magharibi kama mtumbwi, na watoto wakiuchora umesimama kama mundu wanakuwa wamefuata kitabu, hawakufuata kile walichokiona kwa macho yao.

Basi, ipi ni sahihi? Nitajibu kwa kitenge. Chukua kitenge cha tarehe 8 Machi, vile vyenye maandishi, ukishike juu chini. Maandishi yamepinduka, lakini ukiinamisha kichwa utayasoma. Sasa kishike kwa mgongo, upande ambao rangi haikukolea. Hapo uinamishe kichwa, ulale chini, usimame kwa mikono, maandishi hayatasomeka kamwe, kwa sababu kulia kumekuwa kushoto. Kuzungusha picha ni kama kukishika kitenge juu chini: nyota zote zinabaki na majirani zao walewale kwa mpangilio uleule, na msomaji anaweza kuirudisha. Kuigeuza kama kwenye kioo ni kukitazama kwa mgongo: umetengeneza anga ambayo haipo. Kwa hiyo picha zako zote mbili ni sahihi, na ya vitabuni aliyelala ubavu ni sahihi pia. Ambayo ingekuwa kosa ni ile ambayo farasi amesimama vizuri lakini anatazama upande usio wake.

Kosa hilo ni rahisi kulikamata. Farasi akiwa amesimama, angalia kushoto kwake, chini kidogo: unapaswa kukiona kiwingu chenye rangi ya buluu kinachoitwa NGC 2023, kwa sababu kiko kaskazini mashariki mwa kichwa. Fremu yako ikiwa pana, nyota kali Alnitak itakuwa kushoto zaidi, karibu nusu digrii kutoka kwa farasi, na Nebula ya Mwali itakuwa chini ya nyota hiyo. Ukiviona vitu hivyo upande wa kulia hali farasi bado amesimama, picha imegeuzwa.

Wala usidhani ni kosa la zama za kompyuta. Nebula hii iligunduliwa mwaka 1888 na Bi Williamina Fleming, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Harvard, Marekani, alipokuwa akichunguza bamba la kioo lililopigwa picha na William Pickering. Bamba la kioo lina pande mbili, na mwanga hupenya kutoka upande wowote. Aliyelishika upande usiofaa aliona anga ya kioo, na hakuna kengele iliyolia. Leo kosa hilo linaingia kwa njia nyingine, na nitaifafanua ninapomjibu Papa wa Lubumbashi.

Umeniuliza ipi ndiyo sahihi, nami nahisi unataka pia kujua ningechagua ipi. Kama ningekuwa naitundika ukutani, ningemsimamisha farasi, kaskazini kushoto. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu na kitu kinachosimama juu ya ardhi; ndiyo maana hata wataalamu wa darubini za angani hawakufungwa na ada. Nguzo za Nebula ya Tai zilizopigwa na Hubble mwaka 1995 zilichapishwa zikiwa zimesimama kama vichuguu, na ile picha ya Webb ya Julai 2022 kutoka Nebula ya Karina ilipangwa hata ikafanana na safu ya milima yenye anga juu yake. Huko angani hakuna mlima wala sakafu. Ni uamuzi wa mtu aliyetaka tuielewe haraka, nami siwalaumu. Kwako wewe kuna sababu nyingine ambayo wao hawana: farasi aliyesimama ndiye farasi wa Bukavu anapochomoza. Hukumzungusha ili apendeze, ndivyo alivyokuja.

Lakini ukitaka picha yako ilinganishwe na za wengine, kwa mfano kutafuta nyota mpya au kupima mahali pa kitu, iweke kaskazini juu na mashariki kushoto bila ubishi, kwa kuwa anayelinganisha picha mia moja hawezi kuinamisha shingo mara mia moja. Na kwa vyovyote vile, andika chini ya picha maneno machache: "Kaskazini kushoto, mashariki chini", pamoja na mahali, tarehe na saa. Wataalamu huandika kwa pembe, inayohesabiwa kuanzia kaskazini kupitia mashariki. Picha yako ya saa mbili ina pembe ya digrii 270, maana upande wake wa juu ni magharibi; ya saa sita ina digrii 90. Mshale mdogo kwenye kona ya picha unatosha pia.

Kuipata pembe yenyewe kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuipa kompyuta picha itambue nyota. Astrometry.net hulinganisha maumbo yanayotokana na makundi ya nyota nne nne na orodha yake, kisha hukwambia katikati ya picha ni wapi, upande wa juu unatazama wapi, na kama picha imegeuzwa kioo. Kwa kuwa kila mtu hapa anajua bei ya mega, ASTAP hufanya kazi hiyohiyo bila intaneti, ukishapakua orodha ya nyota mara moja. Ya pili haihitaji kompyuta wala mega, ila inafaa kwa mwenye kamera kwenye kitako anachoweza kukisimamisha. Fungua kamera kwa sekunde 35; sekunde tano za kwanza acha kitako kifuate nyota, kisha kisimamishe. Kila nyota itaandika nukta yenye mkia. Karibu na ikweta ya anga mkia huo, kwa sekunde 30, utakuwa na urefu wa robo ya upana wa mwezi, na ncha yake inaelekea magharibi. Ukishaijua magharibi, geuka robo duara kinyume cha mishale ya saa, utaipata kaskazini. Ikiwa picha haijageuzwa, bila shaka.

Tahadhari moja ya kazi: ukiamua kuizungusha kamera yenyewe ndani ya darubini ili fremu ikae upendavyo, fanya hivyo kabla ya kuanza, kisha usiiguse tena. Picha za kusawazisha mwanga, zile za kupigia ukuta mweupe au anga ya jioni, hazifai tena kamera ikishazungushwa, maana vumbi na vivuli vya pembeni vimehama. Wengine watakuuliza kaskazini unayoitaja ni ya mwaka gani, kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba na ramani nyingi hutumia kaskazini ya mwaka 2000. Katika eneo la Orioni tofauti yake na ya leo haifiki robo ya digrii. Usipoteze usingizi.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mzee mstaafu na mpenzi wa nyota. Katika toleo lililopita mlichapa galaksi ya Andromeda. Nami ninayo yangu, niliyoipiga nje ya mji, kwenye barabara ya Kasenga, mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua, kwa darubini ya vioo viwili na kamera. Yangu inaegemea kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Yenu inaegemea kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Nimelizungusha gazeti pande zote nne, hata wajukuu wakanicheka, wala hazilingani. Ama mimi nimekosea ama ninyi. Pia nieleze: vioo vya darubini haviigeuzi picha?*
*Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi*

Papa, tumekosea sisi, na tunakuomba radhi wewe pamoja na gazeti ulilolizungusha. Nilikwenda kumuuliza kijana anayepanga kurasa, naye bila kuficha akaniambia kwamba galaksi ilikuwa "inatoka nje ya ukurasa", kwa hiyo aliigeuza ili ielekee kwenye maandishi. Hufanya hivyo kwa picha za watu pia, nami sasa ninaziangalia picha za mawaziri kwa mashaka, nikitafuta saa iko mkono upi.

Jinsi ulivyotukamata ni somo zuri. Andromeda iko digrii 41 kaskazini mwa ikweta ya anga, na Lubumbashi iko digrii 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta ya dunia. Unaiona basi kwa kutazama kaskazini, na hata ikiwa juu kabisa, mwishoni mwa Septemba karibu na saa sita usiku, haizidi kimo cha digrii 37. Anayetazama kaskazini ana kilele cha anga upande wa kusini wa kile anachokitazama. Kwa hiyo picha yako ina kusini juu na mashariki kulia. Katika picha ya ada, galaksi ndogo M32 iko chini kidogo ya kiini cha Andromeda, na M110 iko juu upande wa kulia. Katika yako M32 iko juu na M110 iko chini kushoto. Umeizungusha digrii 180 tu, na diski iliyoegemea kushoto ikizungushwa nusu duara bado inaegemea kushoto, kama mkuki uliolazwa ukutani ambao haubadili mwelekeo hata ukishikwa kwa ncha nyingine. Yetu ilikuwa na M32 chini, kama inavyotakiwa, lakini M110 ilikuwa juu kushoto. Hakuna mzunguko unaoweza kuitoa hapo na kuirudisha kwao. Ilikuwa kitenge kwa mgongo.

Kuhusu vioo, vihesabu. Kila kioo ambacho mwanga unadunda juu yake hugeuza kulia kuwa kushoto mara moja, na kioo cha pili hurudisha kilichogeuzwa na cha kwanza. Vioo viwili kama vya kwako, ambavyo ni mpango wa Newton, huacha picha iliyozungushwa tu. Lenzi pekee, bila kioo chochote, huizungusha pia na haigeuzi. Hatari iko kwenye idadi isiyogawanyika kwa mbili. Mtu mwenye darubini ya lenzi, akichomeka kile kipande chenye kioo kinachokunja mwanga ili asiinamishe shingo, kisha akaweka simu yake kwenye lenzi ya jicho na kupiga picha, amepata anga ya kioo bila kujua. Aigeuze kwenye simu kabla ya kumpa mtu.

Njia nyingine imo ndani ya faili. Faili za FITS, ambazo wanaastronomia wamezitumia tangu kabla kompyuta hazijaenea majumbani (kanuni zake zilichapishwa mwaka 1981), kwa desturi huweka mstari wa kwanza wa picha chini, ilhali JPEG huuweka juu. Programu moja ikiandika kwa desturi moja na nyingine ikasoma kwa desturi ya pili, juu kunakuwa chini lakini kushoto kunabaki kushoto, na hilo si mzunguko, ni kioo. Kwa hiyo ukiona picha yako imepinduka wima baada ya kuifungua kwenye programu mpya, usiharakishe kuizungusha nusu duara ukadhani umeitengeneza. Itazame M110 kwanza.

Wewe una bahati ambayo watu wa kaskazini hawana. Ukiupa mgongo mji na kutazama kusini, Nebula ya Karina na Mawingu ya Magellan unayaona kwenye mkao uleule wa ada, kaskazini juu na mashariki kushoto, yanapokuwa kwenye kimo chao cha juu kabisa. Ndipo kulinganisha kunapokuwa rahisi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, huko Las Campanas nchini Chile, Ian Shelton aliona kwenye bamba lake la picha la Wingu Kubwa la Magellan nyota kali ambayo haikuwapo hapo awali, akatoka nje kuihakikisha kwa macho. Ilikuwa supanova, yaani nyota iliyolipuka, nayo ikaitwa SN 1987A. Picha zako za eneo hilo zihifadhi zote kwa mkao mmoja.

*Jambo ndugu yangu. Mwanangu alipiga picha ya Njia Nyeupe juu ya ziwa hapa Goma, mwezi wa Julai, saa nne usiku. Sasa amesoma kwamba picha ya anga lazima iwe na kaskazini juu, anataka kuizungusha. Mimi naona ziwa litamwagika.*
*Mama msomaji, Himbi, Goma*

Mama, ziwa lisimwagike. Palipo na ardhi au maji kwenye picha, upeo wa macho ndio unaoamuru, nao ulale. Ada ya kaskazini juu ni ya picha zisizo na kitu cha dunia ndani yake. Na hapo mwanao hana hata sababu ya kuhangaika: mwezi huo, saa hiyo, kitovu cha Njia Nyeupe kilikuwa kusini hasa, juu ya ziwa, kwenye kimo cha digrii 62 hivi, na kaskazini ya anga ilikuwa juu ya fremu tayari. Njia Nyeupe yenyewe ndiyo iliyokuwa imeinama, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, nayo iachwe hivyo. Zile picha ndefu ambamo imelazwa kama mto kutoka ukingo hadi ukingo hufuata mfumo mwingine, uliokubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1958, ambao kaskazini yake ni ya galaksi, si ya dunia. Huko hakuna ziwa.

Kitu kimoja tu ukiangalie. Mwanao alikuwa anatazama ziwa, kwa hiyo taa za Gisenyi zinapaswa kuwa kushoto. Ukiziona kulia, muulize alibonyeza nini kabla hujaipeleka kutiwa fremu.